Amina ya Upande wa Pili

Nimeandika programu tangu nilipomaliza chuo, na bado sijapata kompyuta inayoniheshimu. Hii niliyonayo sasa hujizima yenyewe katikati ya kazi, eti inajisasisha, halafu inaniandikia "tafadhali subiri" kwa adabu zote. Nisubiri nini, wakati mimi ndiye niliyeinunua? Spika za masikioni nazo huamua zenyewe ni sikio gani litahudumiwa siku hiyo. Leo la kulia, kesho la kushoto, na yakipata yote mawili ujue ni sikukuu. Chaja inakubali kufanya kazi ikiwa tu waya wake umekunjwa na kuegemezwa kwenye kikombe cha chai, na ole wako uinywe hiyo chai. Juu ya hayo umeme wa hapa Nsambya, Kampala, unakatika, inveta inaanza kulia pii, pii, na mimi naanza kuvitukana vyote kwa Kiswahili, kimoja kimoja, kwa majina yao.

Kiswahili ndiyo lugha yangu ya ugomvi. Baba yangu, mzee Oyat, alikuwa askari polisi, na nililelewa kambini hapa hapa Nsambya, ambako watoto wa Kiacholi, wa Kilugbara na wa Kiteso hatukuwa na lugha nyingine ya kugombana. Kiacholi kilikuwa cha nyumbani, Kiingereza cha shule, Kiswahili cha kuambiana ukweli. Baba alipostaafu alirudi Kitgum pamoja na mama. Mimi, Anena, kitinda mimba wao, nikabaki na kupanga chumba katika safu ya vyumba vilivyoshikana ukuta kwa ukuta, chini ya kilima cha hospitali. Niliosoma nao wamehamia Ntinda, wanapiga picha za kahawa kwenye baraza zao za ghorofani. Nilikuwa nawacheka, nikisema wanaishi kama kuku wa kizungu, kila mmoja kwenye kizimba chake. Kumbe na mimi kizimba changu kilikuwa kinanisubiri, tena bila baraza.

Kazi yangu iko ng'ambo, mimi niko hapa. Kampuni yetu inatengeneza kifaa kidogo kinachowekwa ndani ya friji za zahanati kupima ubaridi, ili chanjo zisiharibike bila mtu kujua. Mimi naandika programu inayopokea habari kutoka kwa vifaa hivyo. Ni kazi ninayoipenda kupita kiasi, nikuambie ukweli. Kuna asubuhi naamka nikitabasamu kwa sababu tu friji fulani huko Adjumani imeniambia hali yake. Lakini watu ninaofanya nao kazi siwajui. Mikutano yetu kila mtu amezima kamera. Msimamizi wangu namjua kwa picha ya mbwa wake, na nikifanya vizuri ananitumia alama ya kidole gumba. Zilipita wiki nzima nzima mdomo wangu haujatoa sauti kwa binadamu ila Asuman, muuza rolex wa pale kona.

"Bila nyanya, nyabo?" anauliza.

"Bila nyanya," najibu. Basi, mazungumzo yangu ya siku yamekwisha, narudi chumbani na chapati yangu ya mayai.

Chuoni tulikuwa na mwalimu, Bi Nabwire, aliyetufundisha kwamba ukikwama usiikodolee macho skrini kama mtu aliyerogwa. Tafuta kitu, hata kikombe, ukieleze programu yako kwa sauti, mstari baada ya mstari, kama unayemfundisha asiyejua lolote. Ukifika penye kosa, ulimi wako utajikwaa wenyewe. Watu wa kazi hii hufanya hivyo dunia nzima. Wazungu wana bata wao wa plastiki. Mimi nina jerikeni la maji, la manjano, linalokaa kwenye kona, limeegemea ukuta wa jirani. Ni msikilizaji mzuri. Halikatizi, halina kamera ya kuzima.

Siku moja asubuhi kosa lilikuwa la friji. Umeme ukikatika kwenye zahanati na kurudi, kifaa chetu kilikuwa kinanyamaza moja kwa moja, na muuguzi hana habari kama chanjo zake bado ni nzima. Nilikaa sakafuni mbele ya jerikeni nikaanza kueleza. Mimi sielezi kwa upole. Naanza vizuri, halafu sauti inapanda, nauliza na kujijibu, napiga paja, nanyamaza, naanza tena kwa kunong'ona kama ninayebembeleza. Nikasema, umeme umerudi, wewe umeamka. Sawa. Umeamka, unaita. Sawa. Nani anakusikia? Nikanyamaza. Nani anakusikia, ikiwa mtandao wenyewe bado umelala? Hapo ulimi ukajikwaa. Kifaa kilikuwa kinaamka kabla ya modemu yake, kinaita mara moja tu, hakijibiwi, kinakata tamaa. Hakikuwa kimeharibika hata kidogo. Kilikuwa kimechoka kuita, baada ya kuita mara moja.

Niliruka. "Asante! Asante! Asante!" nikapiga kelele, machozi yakinitoka, maana ndivyo nilivyo, furaha yangu na kilio changu hutumia bomba moja.

"Amina," mtu akasema upande wa pili wa ukuta.

Niliganda mguu mmoja juu. Chumba cha pili alikuwa akikaa mama mmoja Mkongomani, fundi cherehani. Nilimjua kwa mlio wa cherehani yake na kwa "jambo" tuliyopeana tukikutana bombani. Nikajiambia ni sadfa, labda anasikiliza mahubiri redioni. Nikarekebisha programu, kifaa kiite, kingoje, kiite tena. Msimamizi akatuma kidole gumba.

Mchana mlango ukabishwa hodi. Alikuwa yeye, mwanamke wa makamo, kitenge chake kimekaa vizuri mpaka nikaionea haya fulana yangu, na sahani mikononi imefunikwa na sahani, inanukia kisamvu.

"Jambo, mama. Niko Kahambu, jirani yako. Batu baniitaka Mama Bénit," akasema. "Nilikuletea sombe. Nilikosa ya mzuri hapa, nikafika mpaka soko ya Kalerwe kutafuta."

"Asante, mama. Lakini hii kazi yote ni ya nini?"

Akaketi bila kukaribishwa, kama watu wanaokaribishana kwelikweli wanavyofanya. "Mi nakusikiaka kila asubui. Maneno sisikie mzuri, ukuta inakata. Lakini sauti nasikia. Unaombaka na nguvu, unalia, unanyamaza, unaanza tena. Na leo umejibiwa, nilisikia ulishukuru." Akanishika mkono. "Niko hapa Kampala myaka mingi, naomba mwenyewe kama kichaa. Nikasema, kumbe Mungu aliniletea mwombezi nyuma ya ukuta."

Nilifungua mdomo nimwambie. Naapa niliufungua. Lakini nilielewa pia alivyofika hapo. Kwao, kule Butembo, na hata kwenye makanisa yao ya hapa, mtu akijifungia asubuhi akasema peke yake kwa sauti, akabembeleza, akanyamaza, akalia na kushukuru, hana jambo jingine analolifanya ila kuomba. Hakuna mtu wa Butembo atakayedhani mwanamke mzima anaongea na jerikeni. Na mkono wake ulikuwa wa moto, na hakuna aliyekuwa amenishika mkono tangu baba apande basi la Kitgum.

"Karibu, mama," nikasema. "Tutaendelea."

Tukaendelea. Kila asubuhi nilikaa mbele ya jerikeni langu, naye akakaa upande wake, nikieleza makosa yangu, naye akiitikia. Sikujua mwanzoni kama nafanya dhambi au nafanya kazi. Amina yake haikuwa ya kubahatisha, alinifuata. Nikishuka, anaguna taratibu. Nikipanda, anapanda. Nikinyamaza nikitafuta, ananyamaza pamoja nami, na kule kunyamaza kwa watu wawili hakufanani kabisa na kwa mtu mmoja. Makosa nikawa nayakamata haraka kuliko zamani. Saa ya chai anagonga ukuta, natoka, tunakaa mlangoni kwake kati ya vitambaa, nami nawasha simu yake iliyogoma au namfundisha kumtumia Bénit ujumbe wa sauti. Bénit ni mwanawe wa pekee. Alitangulia Kanada kwa mpango wa kuwahamishia wakimbizi huko, yeye akaachwa nyuma akisubiri faili lake.

"Anasema kule nyumba iko na ukuta ya nguvu," aliniambia siku moja, akipitisha uzi kwenye sindano. "Jirani anaweza kohoa mpaka afe, hausikie kitu." Alikuwa anasifu.

Kuna jambo la aibu zaidi. Zilikuja asubuhi ambazo programu haikuwa na kosa lolote. Friji zote zinaita, zinajibiwa, skrini ni ya kijani tupu. Zamani siku kama hizo ningecheza. Sasa zilinikera. Nilikuwa naketi chini na kubuni kosa, kosa la uongo, nalieleza kwa uchungu wote, napiga paja na kunong'ona, ili tu mtu upande wa pili aseme neno lile. Nilikuwa mpweke kiasi hicho. Silitafutii neno jingine la heshima.

Halafu asubuhi moja hakungoja saa ya chai. Alikuja mlangoni simu ikiwa mkononi.

"Bameniita," akasema. "Intervyu ni juma ijayo. Nikipita ile, ni safari tu imebakia."

Nilimkumbatia. Mikono yangu ilifanya inavyopaswa, na mdomo wangu ukasema hongera.

"Sasa ndiyo kazi yako," akasema, akinitazama kama mtu anavyotazama daktari. "Mambo yako nimeitikiaka siku zote, sijakuuliza hata moja unaombea nini. Kesho unisimamie mimi. Na nguvu ile yako. Mi nitakuwa pale pale."

Asubuhi iliyofuata nilifungua kompyuta nikitafuta pa kujificha. Nilisema nitapata kosa lolote, nitalieleza, sauti ndiyo anayoisikia, si maneno, ataridhika. Lakini siku hiyo kompyuta iliamua kuwa na adabu. Iliwaka mara moja. Haikujisasisha. Spika ziliimba masikio yote mawili, chaja ikashika bila kikombe, umeme haukutikisika, na friji zote kuanzia Kisoro hadi Adjumani zikaripoti ubaridi ule ule unaotakiwa. Nilitamani kuitupa dirishani.

Nikaketi sakafuni. Nilimsikia upande wa pili akivuta kigoda chake ukutani. Alikuwa tayari.

Sijui kuomba. Kambini padri alikuja Jumapili, tukakimbilia mpira. Kwa hiyo nilifanya lile ninalolijua, nikamweleza jerikeni jambo lenyewe kuanzia mwanzo, kama kwa asiyejua lolote. Nikasema, kuna mwanamke anaitwa Kahambu. Sawa. Ana mtoto mmoja, yuko mbali. Sawa. Ameitwa, na wakimkubali atakwenda kwa mwanawe. Hilo ni jambo zuri. Sawa. Anataka mimi nimwombee akubaliwe. Na mimi ninataka...

Ulimi ukajikwaa.

Nikarudi nyuma mstari mmoja, kama nilivyofundishwa. Na mimi ninataka nini? Nikanyamaza. Naye akanyamaza pamoja nami. Na mimi ninataka akataliwe, nikasema. Nilisema kwa sauti, na nilipolisikia nikalisema tena, likapanda, sikuweza kulizuia. Wamkatae. Faili lipotee. Abaki hapa na cherehani yake, nisirudi kuwa mtu wa bila nyanya. Nilikuwa nalia kwelikweli, kamasi na machozi, na sikumbuki kama niliwahi kumwomba mtu yeyote kitu kwa nguvu kama zile.

"Amina," akaitikia, naye sauti imemkatika. "Amina, amina, amina."

Sikuvaa hata kandambili, nikakimbilia kwake. Nilimkuta bado kwenye kigoda, uso umelowa, anatabasamu.

"Ile hapana itikia, mama," nikasema. "Ile ya sasa hivi. Hapana itikia."

"Juu ya nini?"

"Mimi hapana jua kuomba. Siku zote zile mimi nilikuwa naongea na kompyuta." Niliona haelewi. "Hii kazi yangu, kama inanishinda, natoa maneno kwa mdomo, napata kosa. Nilikuwa naambia jerikeni."

"Jerikeni?"

"Ile ya maji. Iko pale kwa ukuta."

Alitazama ukuta kana kwamba angeliona. "Ile siku ulilia, ukashukuru?"

"Ilikuwa friji, mama. Friji ilikuwa imekataa kusema, ikasema."

"Nilikuwa naitikia friji," akasema polepole.

Nilidhani atacheka. Nilitamani acheke, tucheke wote, iishie hapo. Hakucheka. Alichukua mkasi uliokuwa magotini akauweka mezani, akaunyoosha ulale sawa na ukingo wa meza.

"Na leo?" akauliza. "Leo sauti ilikuwa ingine. Mi najua sauti yako."

"Leo niliomba. Ile ya kwanza kabisa."

"Uliomba nini?"

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa nimeshamdanganya siku nyingi na ulimi haukuchoka. "Bakukatae," nikasema. "Usiende."

Alinigeuzia mgongo. Akaanza kukusanya vipande vya vitambaa sakafuni, vyekundu na vyekundu, vya bluu na vya bluu, na mimi nimesimama pale miguu mitupu kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mkuu wa shule. Nilijua ananifukuza. Nilianza hata kukubali kwamba ana haki ya kunifukuza.

"Na mi nimeshaitikia," akasema, bado amenipa mgongo. "Mara tatu."

"Ndiyo, mama."

"Basi tuiondoe ile maombi."

Kumbe kwa kukusanya vile vitambaa alikuwa anasafisha mahali. Alipiga magoti pale sakafuni, akaegemeza viwiko kitandani, akapiga godoro kando yake kunionyesha pangu. "Anza weye," akasema. "Leo ukuta haiko. Nitasikia maneno yote."

Nikapiga magoti. Bega lake liligusa langu. Nikasema, Mama Bénit aende. Wamwulize maswali, awajibu, waridhike. Faili lisipotee, safari isiahirishwe, Bénit amngoje pale watu wanapopokelewa. Nilisema polepole, mstari baada ya mstari, na kila mstari ulikuwa kweli na kila mmoja uliniuma kivyake. Nikasema mimi nitakaa. Nikasema chumba chake akipate mtu mwema. Hakukuwa na kingine cha kusema, nikamngoja.

Nje mtu alikuwa anakinga maji bombani. Ndoo ikajaa, akaiondoa, akaweka nyingine. Nilifumbua jicho moja. Mama Bénit alikuwa ameinamisha kichwa, mikono ameikaza, midomo imeachana kidogo, na amina haikutoka.

"Mama?" nikasema.

"Ngoja kwanza," akasema, macho bado ameyafumba. "Ngoja kwanza, binti yangu. Itakuya."